Daftarini Aliitwa Mchumaji

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu ndiye aliyeamua mafuta gani ya kiwanda chetu yaitwe bora na yapi yaitwe ya kawaida, na kwa miaka hiyo yote daftari la wafanyakazi lilimwandika mchumaji wa maua, kibarua wa kutwa. Naanza hapo kwa sababu yeye mwenyewe angeanzia hapo. Hakupenda kuulizwa alizaliwa wapi wala babu zake walitoka kisiwa gani. "Niulize nafanya nini," alikuwa akisema, "kisha niulize wameniandika nini. Ukiona majibu mawili hayafanani, umeshanijua."

Nitamwita Mkataji, maana kazi yake ilikuwa kukata. Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya Ambanoro, kisiwani Nosy Be, katikati ya shamba la milangilangi. Mti huo hukatwa kichwa ungali mdogo ili matawi yainame na mwanamke aweze kuchuma akiwa amesimama chini. Maua huchumwa alfajiri, yakiwa ya manjano kabisa. Hutiwa katika pipa kubwa la shaba pamoja na maji, moto huwashwa chini, mvuke hupita kwenye bomba lililolazwa ndani ya maji baridi, na mwishoni mafuta hudondoka chupani. Mafuta ya mwanzo ndiyo mazito na ndiyo bora. Kadiri saa zinavyokwenda uzito unapungua, na ya mwisho kabisa hununuliwa na watengeneza sabuni. Kukata ni kuondoa chupa moja na kuweka nyingine kwa wakati wake. Ukichelewa, mafuta ya sabuni yanaharibu mafuta ya manukato. Ukiwahi, mafuta ya manukato yanakwenda kwenye sabuni. Hakuna dawa ya kosa hilo. Mafuta yakishachanganyika hayatenganishwi.

Mimi nilifika hapo nikiwa na miaka kumi na saba, mwishoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa tumehama Mahajanga, mama na mimi, baada ya siku zile mbaya za mauaji yaliyowapata watu wa asili ya Ngazija, na Ambanoro tulikuwa na shangazi. Shule niliiacha njiani. Ninayoyajua leo nimejifundisha mwenyewe, kitabu baada ya kitabu. Nilianza kwa kuchuma. Mazungumzo nitakayoyaandika yalikuwa ya Kisakalava shambani, ya Kingazija baina yetu sisi wachache, na ya Kifaransa ofisini. Nimeyaweka yote katika lugha moja ili msomaji asichoke.

Jambo la kwanza nililolisikia juu yake lilikuwa kwamba ana pua. Kila mtu alisema hivyo, kwa nia njema. Wanunuzi wa ng'ambo walipotembelea kiwanda, mkurugenzi aliwasimamisha mbele yake kama watu waliopelekwa kuona kinyonga mwenye pembe. "Huyu mama hajasoma hata darasa moja," aliwaambia, "lakini ana pua! Mungu amempa." Mara moja mgeni alimnyooshea kitambaa chenye tone la mafuta na kumwomba anuse, aseme ni daraja gani. Mkataji alikipokea, akakikunja, akamrudishia.

"Pua yangu ina mafua, Musyu," alisema kwa Kifaransa chake cha maneno machache. "Hiki hakina mafua." Akamwonyesha kipima uzito, kijiti cha kioo chenye mistari kinachoelea ndani ya mafuta. Akakitumbukiza, akasoma mstari, akasoma joto, akataja daraja.

Wageni walicheka na mkurugenzi alicheka pamoja nao. Walipoondoka Mkataji alitugeukia sisi tuliokuwa tunapima vikapu. "Mmesikia? Mwanamume akijua kazi, amesoma. Mwanamke akijua kazi, amezaliwa nayo. Wakikwambia una kipawa, jua wamekataa kukupa daraja. Kipawa hakipandi cheo."

Na hapa lazima niseme kweli. Alikuwa na pua. Niliwahi kumwona nyuma ya mapipa, kabla ya kukata, akiloweka uzi wa pamba ndani ya chupa na kuunusa huku akiangalia huku na huku, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Wanawake wote wa Ambanoro walipaka liwa usoni wakati wa jua. Yeye alikuja kazini uso mtupu, nywele hazina hata mafuta ya nazi, mpaka waliomuona mara ya kwanza walidhani yuko eda. Nilipomuuliza kwa nini, alisema wenye liwa usoni huambiwa wazuri, na yeye hakuja kuambiwa mzuri. Nadhani lilikuwa jibu nusu. Nusu nyingine ni kwamba hakutaka harufu yoyote isimame kati yake na chupa. Lakini ushahidi wa pua hakuuamini, maana mashahidi wengine hawakuweza kuusoma. Mstari wa kioo hata adui yake angeusoma.

Ulimi wake ulikuwa mkali na haukuchagua. Mchochea moto mmoja, mtu wa mizaha, akimwita dada mkubwa kwa Kisakalava, alimwambia, "Zoky, ukikasirika namna hiyo shaba itayeyuka."

"Na wewe ukifanya kazi, mdogo wangu, kuni zinashangaa."

Mashauri yake kwa wanawake hakuyatoa kama mashauri. Aliyatupa njiani, ukaokota ukitaka. Nilipohamishiwa ofisini kuandika vipande vya mizani, karani aliyekuwepo aliniita siku ya pili: "Kahawa, dada." Nikaleta. Siku hiyohiyo Mkataji alipita dirishani na chupa zake, akaniona na sinia.

"Ya ngapi hiyo?"

"Ya kwanza, Bi mkubwa."

"Ya kwanza ni hisani. Ya pili ni desturi. Ya tatu ni kazi yako, na hawataiandika."

"Nimkatae vipi? Ni mkubwa wangu."

"Nani kakwambia ukatae? Mwambie utaleta ukimaliza orodha." Akaanza kuondoka, akarudi. "Kisha usimalize orodha."

Karani yule alijifunza kuchemsha kahawa mwenyewe kabla ya mvua za kwanza. Alikuwa hodari kuliko mimi.

Shauri jingine lilihusu machozi. Alikuwapo mchumaji aliyeitwa Soafara, mwanamke wa mlimani, mpole. Siku moja nyapara wa kiwanda alimwaga kikapu chake mbele ya watu wote kwa madai kwamba ameweka maua mabichi, ambayo bado ni ya kijani. Yalikuwamo matatu, labda manne. Soafara alisimama pale akilia, na nyapara akaanza kumwelekeza getini kwa kidole. Mkataji alitoka ndani na debe tupu, akaligeuza chini juu mbele yake.

"Kaa."

"Zoky, niache niende."

"Kaa. Anayelia amesimama husukumwa nje. Anayelia ameketi, itabidi wamwinue." Soafara akaketi juu ya debe, katikati ya uwanja, akalia mpaka akamaliza. Nyapara alizunguka mara mbili, akaona hana la kufanya na mtu aliyeketi, akaenda zake. Soafara alichuma pale miaka mingine sita.

Asiyemjua angedhani nyumbani kwake ilikuwa vita. Haikuwa. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno mengi, na mbele yake Mkataji alikuwa mpole kabisa. Alimfunikia sahani, alimletea maji ya kunawa, alimwacha aeleze mambo ya bandari ambayo yeye aliyajua vizuri zaidi. Nilikuwa kijana na lilinikera. Siku moja nikamwambia.

"Nyumbani nimeandikwa mke," alijibu, "na kazi ninayofanya ni ya mke. Maandishi na kazi vinafanana. Nilalamike nini?"

Alikuwa na makosa, na sitayaficha kwa sababu nampenda. Alidharau wanawake waliosoma kabla hajawajua. Wachumaji waliochelewa aliwakaripia kuliko nyapara alivyowakaripia. Kosa kubwa zaidi ni kwamba kwa miaka kumi na tisa hakumfundisha mtu. Alipokwenda mazikoni moto uliwekwa mdogo hadi arudi. Alisema hana wa kumfundisha. Nadhani aliogopa kwamba siku atakapokuwa na mwanafunzi, kiwanda kitakuwa na mkataji mwingine, na huyo ataandikwa.

Basi ikaja siku ambayo hofu hiyo ilikuwa na haki.

Alikuwa na daftari lake. Nasema lake: alilinunua Andoany, mji wa bandari wa kisiwa, kwa fedha yake, moja kila msimu, na kuandika ndani yake kila pipa alilokata. Aliandika kwa herufi za Kiarabu alizojifunza utotoni katika chuo cha Kurani, maneno yakiwa ya Kingazija, kama bibi zetu walivyoandikiana barua. Ofisini walikuwa wanalicheka, wakiliita kitabu cha hirizi. Halikuwa na hirizi. Kila pipa lilikuwa na mistari yake: siku, uzito wa maua, umande au ukavu, majina ya waliochuma, uzito wa mafuta katika kila hatua, muda wa kila chupa, na mwisho, kila mara, maneno yaleyale: nimekata mimi, na jina lake na la baba yake.

Mkurugenzi mpya aliyetoka Antananarivo alitaka utaratibu. Sina ugomvi na hilo. Mimi ni mtu wa utaratibu. Alitaka kiwanda kiwe na mwongozo ulioandikwa kwa Kifaransa, kisha nyapara afundishwe kwa mwongozo huo na apewe daraja la fundi mkenekaji, yaani msimamizi wa mapipa ya mafuta, kwa kuwa alikuwa na cheti cha shule ya ufundi. Cheti hicho kilikuwa cha kutengeneza injini. Mimi peke yangu ofisini niliweza kusoma herufi za daftari. Wakaniita.

"Mwambie akuazime. Unakili yote. Ukimaliza, kiti cha mpiga chapa ni chako."

Nilidhani atakataa. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumbembeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akanipa daftari la msimu uliopita.

"Chukua. Nakili kama lilivyo. Usiruke neno."

"Umekubali, Bi mkubwa?"

"Nimekuwa nikiandika miaka yote hii nani asome? Nakili. Lakini usiruke neno."

Nilifanya kazi siku sita. Siku ya pili nyapara alikuja kutazama begani mwangu. Aliona Zaina, Soafara, Mama Hadija, Zaina tena.

"Hii ni nini?"

"Waliochuma maua ya kila pipa."

"Majina ya wachumaji ya nini? Hii ni karatasi ya ufundi, si orodha ya harusi." Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Na hii nimekata mimi, nimekata mimi, kila ukurasa? Nani hajui? Ondoa."

Ningeweza kwenda kumuuliza mkurugenzi. Ningeweza kumwambia Mkataji. Nilifikiri juu ya kiti cha mpiga chapa, nikaondoa. Nilipiga mwongozo wote kwa mashine, safi, kurasa arobaini na mbili, bila jina la mwanamke hata mmoja. Kwenye jalada nyapara aliandika lake.

Mkataji alipoonyeshwa aliuchukua mikononi na kuupekua. Kifaransa hakukisoma, lakini kutafuta jina lake hakukuhitaji Kifaransa. Aliniuliza jambo moja tu: "Herufi yangu ya kwanza huandikwaje kwa kizungu?" Nikamwonyesha. Akapekua tena kurasa zote, polepole, kidole kikishuka. Kisha akanirudishia.

Asubuhi iliyofuata hakuja kwenye mapipa. Alikuja shambani na kikapu kiunoni, miongoni mwa wachumaji, akasimama kwenye mstari wa miti kama mtu wa siku ya kwanza. Nyapara alimwendea, nasi tukaacha kuchuma tusikie.

"Mama, moto wa pipa la kwanza umeshika."

"Hongera."

"Nani anakata?"

"Sijui. Angalia daftari la wafanyakazi, limeandika kila mtu na kazi yake. Mimi ni mchumaji. Nimekuja kuchuma."

Hakukosa siku hata moja, na hilo ndilo lililowashinda. Hawakuweza kusema amegoma. Alikuja alfajiri, alichuma maua ya manjano matupu, alipimiwa, alikwenda kwake. Alikuwa amekwisha kupita miaka hamsini na mgongo wake ulikuwa haujashinda chini ya mti kwa miaka kumi na tisa. Niliwaona wanawake wakimchumia pembeni na kumtilia kikapuni. Aliyatoa, akawarudishia. "Haya ni ya Zaina," alisema. "Yaingie kwenye kikapu cha Zaina."

Nyapara alikata kwa mwongozo. Siku nyingine mafuta yalitoka vizuri, siku nyingine vibaya, na hakuna aliyejua kwa nini. Mnunuzi wa Andoany alirudisha madebe matatu yaliyoandikwa bora, akisema hayafikii uzito. Nyapara alisema kipima uzito ni kibovu. Wengine walinong'ona kwamba mama amelaani shaba. Mkurugenzi alisema, kwa masikitiko ya kweli, "Ni ile pua. Tumeipoteza pua."

Mimi ndiye niliyeandika mwongozo, kwa hiyo nilichukua jambo hilo kama kosa la hesabu ambalo lazima liwe mahali fulani. Niliweka kurasa zangu kando ya daftari lake, nikatafuta mapipa mawili yaliyofanana: uzito uleule wa maua, umande uleule, moto uleule. Katika moja alikuwa amekata chupa ya kwanza mapema sana, katika jingine amechelewa. Nikatafuta mengine mawili. Vivyo hivyo. Kwenye mwongozo wangu tofauti hiyo haikuwa na sababu. Kwenye daftari lake ilikuwa nayo, nami nilikuwa nimeiondoa kwa mkono wangu.

Kundi la Zaina lilichuma karibu na kiwanda na kuleta maua yakiwa bado yana baridi. Kundi la Soafara lilichuma mlimani; maua yao yalitembea zaidi ya saa moja kikapuni, yakapata joto, na harufu yake ya kwanza ikapotelea njiani. Pipa la Soafara lilihitaji chupa ya kwanza iondolewe mapema. Mama Hadija alichuma polepole, lakini hakuweka hata ua moja bichi. Pipa lake lilivumilia. Majina hayakuwa mapambo. Mtu aliyejua nani amechuma alijua kilichomo ndani ya pipa kabla moto haujawashwa. Tuliondoa majina ya wanawake na ufundi ukaondoka nayo.

Nilimfuata shambani. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye tawi, anapumzisha mgongo.

"Bi mkubwa, ni majina."

Hakugeuka. "Nilikupa siku kumi. Umechukua ishirini na mbili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia usiruke neno. Lipi halikueleweka?" Hapo akageuka. "Na ningekwambia mapema, wangesema ni pua. Sasa umeona mwenyewe kwa karatasi, hawatasema una pua na wewe."

Nilikwenda kwa mkurugenzi na kurasa zote mbili, nikamweleza, nikasema pia kwamba aliyeyaondoa ni mimi. Hakuwa mtu mjinga. Alielewa kabla sijamaliza. Akamwita Mkataji ofisini, akamvutia kiti, akamwambia arudi kwenye mapipa, kiwanda kitamshukuru.

"Nitarudi," alisema. "Ulete daftari la wafanyakazi, ufute neno moja, uandike jingine."

"Madamu, daraja la fundi linahitaji cheti."

"Cheti cha shule gani? Hapa kisiwani kuna shule ya kukata?"

"Ndiyo kanuni."

"Aliyekata kabla yangu alikuwa mzungu mmoja aliyekuja na mkewe na mbwa. Yeye alikuwa na cheti?"

Mkurugenzi alitazama meza. "Naweza kukuandika msaidizi. Msaidizi wa fundi."

"Fundi mwenyewe ni huyu aliyerudishiwa madebe matatu?"

"Mama, nusu ya mkate ni afadhali kuliko..."

"Sikuja kuomba mkate," alisema akisimama. "Unasema kanuni. Nami naifuata. Mchumaji anachuma."

Alichuma mpaka msimu ukaisha.

Sitaki kumdanganya msomaji: kiwanda hakikufa. Nilipiga mwongozo upya, na safari hii niliweka majina yote, ya wachumaji na la kwake chini ya kila pipa, na nilikataa kuutoa mashineni mpaka mkurugenzi auone. Aliupitisha. Nyapara akajifunza, na baada ya mwaka akawa mkataji wa wastani. Vikapu vikaanza kufungwa kitambaa chenye alama ya mchumaji, jambo ambalo wanawake walilipenda na kulitumia baadaye kudai mengine. Mkataji mwenyewe hakunufaika na lolote kati ya hayo. Alitoka na mgongo mbovu, akaenda kukata katika pipa dogo la familia moja hapohapo Ambanoro, pipa ambalo mkurugenzi wetu asingekubali hata kuliita kiwanda. Kila debe lililotoka pale lilikuwa na kadi, na juu ya kadi jina lake kwa herufi za kizungu, kubwa, zilizoegemeana. Nilimfundisha mimi kuziandika. Katika masomo hayo hatukuzungumza juu ya mwongozo hata mara moja.

Mara ya mwisho nilimwona Mahajanga, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Nilikuwa nimesharudi huko, mjini kwetu kwa zamani, na nilifanya kazi katika maabara ndogo inayopima mafuta na viungo kabla ya kupakiwa. Yeye alikuwa ameletwa na binti yake, aliyekuwa akiishi mtaa wa Mangarivotra, ili apasuliwe jicho. Nilikwenda Ijumaa baada ya sala. Nilimkuta kwenye mkeka, jicho moja limefungwa bandeji, jingine likinitazama kwa ukali wa macho mawili.

"Umenenepa," alisema. "Vizuri. Unafanya nini?"

Nikamweleza kazi: sampuli, mizani, vyeti.

"Na wamekuandika nini?"

Nilikuwa na barua mkobani. Sijui kama niliichukua makusudi. Nikamsomea. Kampuni ilikuwa na furaha kuniteua kaimu mkuu wa maabara, kwa muda utakaoamuliwa baadaye.

"Mkuu mwenyewe yuko wapi?"

"Alihamia ng'ambo. Mwaka wa nne huu."

"Na miaka minne nani amefanya kazi yake?"

"Mimi."

"Basi huyu kaimu ameshika nafasi ya nani? Yako?" Akaanza kucheka. "Enyi watu, njooni mumwone mtu anayejikaimu mwenyewe!" Alicheka mpaka binti yake akatoka jikoni na mwiko kumwonya juu ya jicho.

Sikucheka. Nilimwambia jambo nililolibeba miaka yote. "Bi mkubwa, yale majina. Nilijua kwamba si haki. Niliyaondoa nikijua."

Alifuta machozi ya kicheko. "Nilikukasirikia misimu miwili," alisema. "Wa tatu nilichoka. Uliyarudisha. Sasa usije hapa kulilia majina ya watu, na lako umelishika mkononi namna hiyo."

"Unasema nikatae?"

"Mimi nilikataa, na mgongo huu mpaka leo unanikumbusha. Usiniige. Mimi nilikuwa na miti na kikapu. Wewe ni mtu wa karatasi, tafuta njia ya karatasi." Akapapasa sahani ya vitumbua, akanisogezea. "Kula. Saini kitu unachokifanya. Usichokifanya usikisaini. Zaidi ya hapo sijui lolote."

Jumatatu saa nne niliiweka barua mbele ya mkurugenzi wangu. Nilikuwa nimetia saini. Neno kaimu nilikuwa nimelipiga mstari mmoja kwa rula, ili lisomeke kwamba lilikuwapo, na yale ya kwa muda utakaoamuliwa baadaye pia. Pembeni nilitia saini ndogo.

"Huwezi kufuta neno katika barua ya kampuni," alisema.

"Naweza. Palipofutwa patiwe saini na pande zote mbili. Yangu ipo."

"Lazima niulize makao makuu."

"Uliza. Sampuli za meli zimeshapimwa, ziko mezani. Vyeti vyake vinahitaji saini ya mkuu wa maabara, na mpaka sasa hayupo."

"Siku zote wewe ndiye unayetia."

"Siku zote nilikosea."

Nikamsogezea kalamu. Aliitazama simu, akaitazama barua, akaniuliza meli inaondoka lini. Nikamwambia kesho asubuhi. Akatia saini, mara mbili, pembeni mwa kila mstari.